Kupasua gogo la mviringo kwa msumeno wa mkanda

Ndugu wa Kadutu, Bukavu, unauliza kwa nini mti wa mviringo unajizungusha na kuvuta mkono hata ukiushika kwa nguvu. Nguvu haisaidii hapo. Meno yanasukuma chini, na upande yanapoingilia hakuna kinachogusa meza, basi gogo linabingirika. Tengeneza kitako cha mbao chenye mfereji wa V, lilaze humo, likaze kwa skrubu mbili mbali na njia ya meno.

Shusha kiongozi cha juu (kile kinachoshika mkanda wa meno usiyumbe) kibaki milimita 5 hivi juu ya mti. Kikizidi, mkanda unayumba na meno yanabaki wazi mbele ya vidole. Glavu vua. Sentimita 10 za mwisho sukuma kwa kijiti.

Mkanda ukibanwa (mkaratusi mbichi ndiyo tabia yake), usivute mti nyuma mashine ikizunguka: mkanda utatoka kwenye magurudumu. Zima, ngoja yasimame kabisa, ndipo upige kabari kwenye mpasuo.

Na SNEL, shirika la umeme la Kongo, wakikata umeme, zima swichi palepale, chomoa kwenye prizi. Swichi ya kawaida ikiachwa imewashwa, umeme ukirudi mashine inaanza yenyewe, labda wewe uko chini ya meza unafagia vumbi la mbao.