Goti bandia kwa kompyuta: nani anashika msumeno?

SWALI: Dokta shikamoo. Mama yangu ana miaka 60, goti limesagika kabisa na kapangiwa kuwekewa la bandia, sasa tumeambiwa opresheni itaongozwa na kompyuta. Mama kagoma, anasema hakatwi na mashine yeye. Hiyo kompyuta inafanya nini, na je goti litadumu zaidi?

JIBU: Marahaba. Mama atulie, msumeno anaushika daktari mwenyewe. Mama labda anawaza roboti, hiyo ni habari nyingine.

Iko hivi: daktari anafunga pini kwenye mfupa wa paja na wa muundi, juu ya pini kuna vialama ambavyo kamera ya miale ya infraredi inavifuatilia, halafu anauzungusha mguu mzima taratibu na kompyuta inapiga hesabu katikati ya nyonga iko wapi. Anagusisha kijiti maalumu kwenye goti na kifundo cha mguu, basi skrini inaonyesha mstari kutoka nyonga mpaka kifundo. Akiweka kifaa cha kuongozea msumeno anaona pale pale kimelala digrii ngapi, anakirekebisha ndo anakata, na akishakata anapima tena. Mtu akikatiza mbele ya kamera namba zinapotea, kwa hiyo msaidizi inabidi ajue pa kusimama!

Sio kitu cha jana, goti la kwanza la namna hii liliwekwa Grenoble, Ufaransa, mwaka 1997.

Kudumu sasa. Magoti yanayokaa nje ya mstari kwa zaidi ya digrii 3 yanapungua, hilo halina ubishi. Ila kutembea na maumivu, wagonjwa wengi hawaoni tofauti na opresheni ya kawaida iliyofanywa vizuri. Takwimu za kitaifa za Australia zinaonyesha walio chini ya miaka 65 waliowekewa kwa kompyuta wanarudiwa opresheni mara chache kuliko wenzao waliowekewa bila kompyuta, na mama yumo kwenye umri huo. Faida kubwa kwa maoni yangu ni kwa mwenye paja lililopinda au lenye chuma cha zamani, maana hapo ile fimbo inayopitishwa ndani ya mfupa kuongozea msumeno kwenye opresheni ya kawaida haipiti.

Hasara: opresheni inarefuka kidogo, na matundu ya pini mara chache sana huingia vijidudu au mfupa ukavunjika hapo. Mama akianza kulalamika maumivu mapya juu au chini ya goti hata wiki kadhaa baadaye, msimkande, mrudisheni apigwe eksirei.