Maswali ya Wasomaji: Mbona hoja yangu inakataliwa?

Swali: Ndugu Mhariri, sisi ni waendesha boda 20 kwenye steji moja hapa Arua, Uganda. Nimependekeza kila mmoja atoe shilingi 2,000 kwa siku tuwe na mfuko wa matengenezo. Niliwaambia umoja ni nguvu, na kwamba steji ya jirani wanafanya hivyo. Wamenikatalia mara mbili. Nimekosea wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, sidhani kama wenzako wanapinga akiba. Wanachokataa ni jambo ambalo hukulisema kabisa: kwamba fedha zao zitakuwa salama. Mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin alieleza mwaka 1958 kwamba hoja ina dai, ina ushahidi, na ina kanuni inayounganisha viwili hivyo. Kanuni hiyo mara nyingi haitamkwi, na hapo ndipo watu hugoma.

Punguza dai kwanza. "Tuanzishe mfuko" halina mwisho. Sema: "Tujaribu miezi mitatu, kisha kila mtu awe huru kujitoa na salio lake." Halafu weka hesabu mezani: 2,000 kwa siku 26 za kazi ni 52,000 kwa mwezi, watu 20 ni 1,040,000. Taja matumizi yake: tairi, cheni, pedi za breki. Kiasi kisicho na kazi maalumu huwatia watu wasiwasi.

Methali iache. Ukisema umoja ni nguvu, mwenzako atakujibu kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na atakuwa amekushinda, kwa sababu yeye amegusa hofu ya kila aliyepo pale. Hofu hiyo itamke wewe kabla yake: "Najua mnaogopa mtunza fedha atatoroka." Kisha ijibu kwa utaratibu: watu watatu waidhinishe kila malipo, na daftari lisomwe kwa sauti kila Jumapili. Eleza pia itakuwaje kwa aliyekosa abiria siku hiyo. Usipoeleza, mpango utavunjika wiki ya kwanza ya mvua.

Mfano wa jirani una uzito kama wanafanana nanyi kwa idadi na mapato, na kama wamekaa na mfuko wao muda wa kutosha. Wakiwa wameanza mwezi jana, unathibitisha tu kwamba wameanza.

Swali: Kaka yangu anataka kuuza ng'ombe wawili anunue pikipiki ya umeme. Anasema hesabu inalipa. Nitaipimaje hoja yake bila kumkosea heshima?

Jibu: Muulize, usimpinge. Mapato anayoyataja ni ya wastani au ni ya siku moja nzuri, kama mkesha wa Krismasi? Petroli anayookoa ameihesabu, lakini je, ameweka gharama ya kuchaji au kubadilisha betri, na umbali wa kufika huko? Na maziwa ya ng'ombe hao ameyahesabu? Hesabu nyingi za namna hii hazina uongo ndani yake. Zina mistari iliyoachwa.

Kama nambari zimetoka kwa muuzaji wa pikipiki, hilo peke yake halizifanyi kuwa za uongo. Ni sababu ya kumtafuta mtu anayeendesha moja tayari na kumuuliza.

Mwisho muulize ni kitu gani kingemfanya aahirishe. Akikosa jibu, weka karatasi pembeni na umtafute mzee anayemsikiliza.