Kuotesha Rubabi Nyumbani: Ushauri kwa Anayeanza

Kwa sisi tunaoishi kaskazini mwa Uingereza, rubabi (kwa Kiingereza rhubarb), mmea ambao vikonyo vyake vichachu huliwa, ni miongoni mwa mazao machache yanayonufaika na baridi ya huku. Mmea huu hulala majira ya baridi, na usipopata mapumziko hayo hauchipui vizuri. Si ajabu kwamba maeneo ya Wakefield, Morley na Rothwell, hapa jimboni Yorkshire, yamesifika kwa zao hili, na kwamba mwaka 2010 Umoja wa Ulaya ulililinda kisheria jina la rubabi ya Yorkshire inayokuzwa gizani. Mimi huilima katika kipande cha ardhi ninachokodi kwa halmashauri hapa Leeds, na ningependa kila mwenye nafasi kidogo nyuma ya nyumba aipande, mradi awe tayari kungoja.

Kabla ya yote, jambo la usalama. Kinacholiwa ni kikonyo cha jani, ambacho ni kinene, chenye rangi nyekundu au kijani, na kichachu kama ukwaju. Jani lenyewe lina asidi ya oksaliki kwa wingi na ni sumu. Ninalisisitiza hili kwa sababu sisi ni walaji wa kisamvu, matembele na majani ya maboga, na mgeni anayeliona jani pana la rubabi anaweza kabisa kulipeleka jikoni. Likate papo hapo bustanini na ulitupe kwenye mboji, ambako halina madhara, kisha uwaeleze watoto na wageni wako.

Anayeanza asihangaike na mbegu, kwa kuwa miche yake huchelewa na haifanani na mmea mama. Nunua shina lililolala, lenye mizizi minene na walau jicho moja (chipukizi ambalo halijafunguka), ulipande kati ya Novemba na Machi wakati udongo haujaganda wala kutuamisha maji. Aina ya Timperley Early huwahi kuvunwa, ilhali Victoria huchelewa kidogo lakini huzaa sana. Mmea utakaa mahali pamoja kwa miaka kumi au zaidi, kwa hiyo ng'oa kwanza magugu yenye mizizi mirefu, uchanganye udongo na samadi iliyooza vizuri, na uache takribani sentimita 90 kati ya shina na shina. Kina ndicho kinachowaponza wengi: jicho liwe sawa na uso wa udongo au lichomoze kidogo, kwani likizikwa kwenye udongo mbichi huoza. Kwa sababu hiyo hiyo, samadi ya kutandaza izunguke shina, isilifunike.

Mwaka wa kwanza usivune hata kikonyo kimoja. Majani ndiyo yanayotengeneza chakula kinachowekwa akiba kwenye mizizi, na akiba hiyo ndiyo itakayochipua mwaka unaofuata. Mwaka wa pili chukua vichache, na kuanzia wa tatu vuna kwa uhuru tangu Aprili hadi mwishoni mwa Juni, huku ukiacha angalau nusu ya vikonyo kila unapovuna. Wakati wa ukame umwagilie kwa wingi, na ukiona shina la maua linachomoza, liondoe mapema hadi chini kabisa, maana huunyonya mmea nguvu.

Usitumie kisu kuvuna. Telezesha kidole gumba kwa ndani ya kikonyo hadi kwenye kitako chake, kizungushe kidogo, kisha ukivute. Kitatoka kizima pamoja na ngozi nyembamba ya waridi iliyokizunguka, bila kuacha kigutu cha kuoza.

Mmea ulio imara, wa mwaka wa tatu au zaidi, unaweza kuufunika mwezi Januari kwa pipa lisilopitisha mwanga. Baada ya wiki kadhaa utapata vikonyo vyororo vya waridi ambavyo havihitaji sukari nyingi. Hata hivyo kazi hiyo huuchosha, kwa hiyo uupumzishe miaka miwili kabla ya kuufunika tena.

Kila baada ya miaka mitano au sita, vikonyo vikianza kuwa vyembamba, chimbua shina lote wakati wa baridi na ulipasue kwa sepetu, kila kipande kikibaki na jicho na mizizi. Panda upya vile vya pembeni, ambavyo huwa na nguvu kuliko vya katikati, na vinavyozidi uwagawie majirani kabla mizizi haijakauka.