Shemeji anakagua filamu, nyimbo je?

Dada uliyeanzisha uzi, shalom. Umeuliza kama mume wako yuko sahihi kupiga marufuku filamu za Kinigeria hapo nyumbani, hata zile zenye mchungaji na maombi ndani, ilhali nyimbo za injili zinapigwa kutwa nzima kwa sababu eti "nyimbo hazina madhara". Waliotangulia kuchangia wamefunga mjadala kwamba yote ni burudani tu. Mimi naona shemeji yuko sahihi nusu, na ile nusu aliyoiachia ndiyo nzito. Ujana wangu niliumalizia kwenye timu ya kuonyesha filamu ya Yesu vijijini huku Shinyanga, na sasa ni mwalimu wa kwaya. Najibu kwa niliyoyaona.

Ile filamu wengi mnaijua, ya mwaka 1979, inayofuata Injili ya Luka na ambayo imeingizwa sauti katika lugha zaidi ya 2000. Sisi tulikuwa na nakala ya Kiswahili, projekta, jenereta na spika mbili zilizochoka. Tunafunga kitambaa cheupe kati ya nguzo mbili uwanja wa shule, giza likiingia jenereta linawashwa. Kijiji kizima kinakuja: wanaosali, wasiosali, Waislamu, hata mganga na wateja wake. Uwanja ukijaa, wanaochelewa wanakaa nyuma ya kitambaa, ambako picha inaonekana imegeuka kushoto kulia. Mzee mmoja aliyekaa huko alinifuata baadaye akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Kijana, mbona Yesu wenu anamega mkate kwa mkono wa kushoto?" Nilipomweleza habari ya kitambaa alicheka sana, akasema siku mkirudi nitawahi upande wa mbele.

Kwenye kusulubiwa kina mama walikuwa wanalia kama wako msibani. Kuna kijana aliokota jiwe awapige askari wa Kirumi, tukamuwahi kabla hajatutoboa kitambaa. Sidharau kabisa jambo hilo. Mtu ambaye hajawahi kushika Biblia anamwona Yesu akichoka, akila na watu, akigusa wenye ukoma, na kwa saa mbili anapata mtiririko mzima ambao mahubiri ya Jumapili humpa vipande vipande. Wapo wazee wa kanisa leo ambao safari yao ilianzia uwanja wa shule.

Ila mwishoni kuna sala ya kumpokea Yesu. Mikono inanyooshwa mingi, tunaandika majina, taarifa inakwenda kwa waliotuwezesha, nasi tunahamia kijiji kingine. Ukirudi baada ya miezi unakuta waliobaki ni wachache. Watu wanapenda kusema mioyo ilikuwa migumu. Hapana. Mwinjilisti mmoja ana vijiji kadhaa na baiskeli moja, nani awafundishe? Pale ambapo mwinjilisti alipiga kambi, akaanzisha darasa la ubatizo na kwaya, watu walikaa. Na naomba hilo neno kwaya mlisome vizuri. Mama asiyejua kusoma hawezi kuirudia filamu nyumbani kwake, jenereta limeshaondoka. Anachobaki nacho kichwani akiwa kisimani ni wimbo.

Kuna kitu kimoja filamu inakufanyia bila kukuomba ruhusa: inakupa sura. Mwanakwaya wangu mmoja alitushuhudia kwamba amemwona Yesu katika maono, mwembamba, ndevu fupi, macho ya bluu. Mwenzake, wala si kwa ubaya, akasema, "Kama yule wa kwenye kalenda ya sebuleni kwenu." Ni kweli alikuwa ndiye. Sura ile iliyotundikwa kwenye nyumba zetu nyingi ni ya Robert Powell, Mwingereza aliyeigiza nafasi ya Yesu kwenye televisheni mwaka 1977. Sisemi dada yule hakutembelewa na Mungu. Nasema hata maono yanavaa nguo zilizopo kabatini. Injili zote nne hazikutaja urefu wa Yesu wala rangi ya macho yake, nami nadhani kunyamaza huko kulikuwa na faida ambayo kalenda imetunyang'anya.

Sasa za Kinigeria. Hapa shemeji nampa mkono. Nimezitazama nyingi, tangu enzi za kibanda umiza mpaka kwenye simu, na si zote mbaya; zipo zilizotengenezwa na watu wanaomcha Mungu kweli. Shida ni ule mpangilio unaojirudia. Kuna familia ina matatizo, kuna ajuza wa ukoo, usiku ajuza anageuka nyoka au bundi, mchungaji anapaza sauti, moto unawaka, ajuza anaanguka na kukiri. Mtoto akimaliza kutazama amejifunza mambo mawili: shetani yuko kila kona, na anakaa kwa bibi mzee.

Huku kwetu Usukumani hilo si mzaha. Mnajua habari za mauaji ya vikongwe, wazee wa watu waliouawa kwa kuwa na macho mekundu, ilhali wekundu wenyewe mara nyingi ni moshi wa miaka mingi ya kupikia kinyesi cha ng'ombe. Sikusema filamu ndizo zilizoleta imani hiyo, ilikuwepo kabla televisheni haijafika. Lakini usharikani kwetu kulikuwa na mama mjane, mwombaji, haachi ibada. Watoto wa jirani walimpa jina la yule mchawi wa kwenye mkanda uliokuwa unavuma wakati huo. Wakimwona wanakimbia, wanasema "kwa damu ya Yesu!" huku wakicheka. Mwaka ule alihamia kwa mwanae mjini. Hiyo filamu ilikuwa na sala nyingi na mistari ya Biblia tele, na wazazi waliwaachia watoto kwa sababu ni "ya dini".

Kwa hiyo shemeji ana hoja. Tatizo langu naye ni hili: filamu unaitazama mara moja, pengine mbili, na ukitoka unaijadili, unasema hapa walikosea, pale wameongeza chumvi. Wimbo haujadiliwi. Unaingia ukiwa unaosha vyombo, unarudiwa mara mia, na siku moja unajikuta unaomba kwa maneno yake.

Wazee wa kanisa la kale walilijua hili kuliko sisi. Arius wa Aleksandria, yule ambaye mafundisho yake yalikataliwa na mtaguso wa Nikea mwaka 325, inaandikwa kwamba alitunga nyimbo za mabaharia, za wasaga nafaka na za wasafiri, ili fundisho lake liende na watu kazini. Na kule Edessa, mji wa kale ulioko Uturuki ya leo, Efremu Mshamu, aliyefariki mwaka 373, alipokuta mji unaimba nyimbo za Bardaisan, mwalimu aliyehesabiwa mzushi, hakuandika vitabu tu vya kumjibu. Alitunga nyimbo zake na kufundisha kwaya za wanawake kuziimba. Paulo naye, Wakolosai 3:16, anataka tuwe "mkifundishana na kuonyana kwa zaburi, na nyimbo, na tenzi za rohoni". Mwalimu wa kwaya ni mwalimu kwelikweli, ila hakuna anayekuja kukagua somo lake.

Nikupe mfano wa mazoezini. Binti mmoja wa sauti ya pili, mwenye kipaji, alileta wimbo aliotunga. Melodi tamu, kibodi tayari ameshaipanga, kiitikio kinasema adui zangu waaibike, wanione nimeinuliwa. Besi walishaanza kuyumba kabla hatujamaliza ubeti wa kwanza. Nikauliza, "Adui gani hasa unaowaimba hapa?" Kimya. Nikarudia. Akasema kwa sauti ndogo, "Shangazi." Kwaya ikaangua kicheko, lakini mimi niliona hilo ndilo jibu la kweli kuliko mahubiri mengi. Shangazi yake alisali na sisi, ibada ya kwanza.

Tulifungua Luka 6, "Wapendeni adui zenu, watendeeni mema wale ambao wawachukia ninyi", tukasoma mpaka msalabani ambako Yesu anawaombea msamaha waliomsulubisha. Ndipo mmoja wa wale wakubwa akauliza, basi Zaburi za kulaani maadui tuzifanyeje? Swali zuri, lilitula jioni nzima. Nilichowaambia ni kwamba mtunga zaburi anamlilia Mungu amhukumu mwenye kuonea, hakuwa anaandaa sherehe ili shangazi amwone amevaa gauni jipya. Wimbo ulibaki, melodi ileile, maneno akayaandika upya, na huwa tunauimba mpaka leo.

Sasa chukua nyimbo kumi zinazopigwa kwenye daladala, usikilize maneno tu bila ala. Hesabu ni ngapi zinazungumzia toba, msalaba, ufufuo, jirani maskini. Halafu hesabu zinazosema zamu yangu imefika, wabaya wangu wamenyamazishwa, mlango umefunguka. Sisemi Mungu hafungui milango. Ila mtu aliyelelewa kwa chakula hicho pekee, siku mlango usipofunguka, imani inamwishia, anadhani kalogwa. Hapo ndipo wimbo na ile filamu ya ajuza vinakutana, na hapo ndipo shemeji hajaangalia.

Kuhusu waimbaji wenyewe, ndoa zao na ada za matamasha, hiyo wengine wameshaijadili vya kutosha humu, siirudii.

Upande mzuri wa wimbo nao ni mkubwa hivyohivyo. Mama yangu alipata kiharusi, maneno yakampotea. Akitaka maji anasema kitu kingine kabisa, kisha analia kwa hasira. Lakini ukianza "Bwana u sehemu yangu" alikuwa anaimba ubeti mzima, maneno yametulia kila moja mahali pake. Madaktari wanalijua jambo hilo, mgonjwa anaweza kushindwa kuongea na bado akaimba. Wimbo huo ni wa Fanny Crosby, Mmarekani aliyekuwa kipofu tangu uchanga. Mama hakuwahi kulisikia jina lake. Alichokuwa nacho ni maneno aliyojifunza msichana kwenye kwaya, na kwa miezi ile ndiyo yaliyokuwa sala yake yote. Kama angekuwa na pambio za mlango kufunguka pekee, sijui angeomba nini kitandani pale.

Na kuna nyimbo zinazopata uzito kwa yaliyowapata waimbaji. Kwaya ya Ambassadors of Christ ya Kigali ilipopata ajali ya barabarani Tanzania mwaka 2011 na kupoteza wenzao, watu waliokuwa wakichezea nyimbo zao za mbinguni harusini walianza kuzisikiliza wamekaa.

Kwa hiyo dada, usigombane na shemeji. Filamu muweke utaratibu wa kutazama pamoja, na ikiisha waulize watoto ni nini kimetoka kwenye Biblia na nini kimetungwa, watakushangaza. Za wachawi achana nazo mpaka wakue. Kisha mwombe naye akae nanyi kwenye nyimbo: kila wiki mchague mmoja wanaoupenda, waandike maneno yake kwenye daftari, msome kama mnavyosoma barua. Mkikuta mstari hauna mguu katika Maandiko, mseme hivyo, na si lazima muufute, mnaweza kuurekebisha kama tulivyofanya sisi. Na mjifunze tenzi chache nzima, beti zote, siyo ubeti wa kwanza na kiitikio. Niandikie hapahapa watoto wana umri gani na kama kuna anayepiga kinanda, nikupangie za kuanzia na noti zake za solfa.