Muulize Babu: Nani Aliwahesabu Pengwini wa Kale?

SWALI: Shikamoo Babu. Nimesoma kwamba pengwini wamekuwa wakitaga Antaktika kwa maelfu ya miaka. Kule hakukuwa na mtu wa kuandika chochote. Hayo yamejulikanaje, au ni kukisia tu? – Mjukuu wako msomaji

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Pengwini ni ndege mchafu, na uchafu wake hauozi upesi kwenye baridi kavu ya kule. Hapo ndipo siri ilipo.

Anza na kokoto. Pengwini wa Adélie hana nyasi za kujengea kiota, kwa hiyo huokota kokoto moja moja kwa mdomo (na jirani akizubaa, humwibia). Wakihama, marundo hubaki. Mtafiti akiyaona huchimba, akakuta samadi iliyoshindiliwa, maganda ya mayai, manyoya, mifupa ya vifaranga, hata vijiwe vya masikio ya samaki walioliwa.

Mwaka 2016, Mmarekani Steven Emslie alifika Cape Irizar, kwenye Bahari ya Ross, akakuta mizoga ya vifaranga utadhani wamekufa juzi, ilhali hakuna kumbukumbu yoyote ya pengwini kutaga pale. Kaboni ilipopimwa (kiumbe akifa, sehemu ya kaboni yake yenye mnururisho hupungua polepole, na kiasi kilichobaki huonyesha umri), mabaki ya mahali pale yalionekana kuwa ya tangu miaka 5,000 hadi 800 iliyopita. Theluji ilikuwa imeyafunika, ikayeyuka.

Lakini kipimo hicho kina mtego. Maji ya bahari ile hupanda kutoka vilindini yakiwa na kaboni kongwe, iliyokwisha kupoteza sehemu ya mnururisho wake, ikaingia kwa uduvi na samaki, kisha kwa pengwini. Aliyekufa leo, akipimwa bila marekebisho, ataonekana ana umri wa mamia ya miaka. Ukisoma tarehe ambazo hazikurekebishwa, zitilie shaka.

Mimi huvutiwa zaidi na tope la ziwa la kisiwa cha Ardley, karibu na Rasi ya Antaktika. Maji ya theluji husomba samadi hadi ziwani, nayo hutuama tabaka juu ya tabaka. Mwaka 2017 watafiti walichapisha historia ya miaka 7,000 waliyoisoma humo. Mara tatu, juu ya tope lenye samadi tele kuna majivu ya volkano ya Deception Island, na juu ya majivu samadi karibu inatoweka. Kila mara, pengwini walichukua kati ya miaka 400 na 800, kwa wastani, kurudi na kutulia tena.