Msaada kwa mtoto mwenye ulemavu aliye makaoni

Ndugu, umeuliza kama inatosha kupeleka nepi na unga kwa yule mtoto mwenye mtindio wa ubongo, aliyetelekezwa na sasa analelewa katika makao ya watoto jijini Dar es Salaam. Vitu hivyo vina kazi yake, lakini mara nyingi kinachokosekana zaidi ni nauli na mtu wa kumpeleka kwenye mazoezi ya viungo, kwa mfano katika hospitali ya CCBRT, kila anapopangiwa, kwa kuwa misuli isiyonyooshwa mara kwa mara hukakamaa, na mtoto akashindwa hata kukaa. Muulize mlezi wake pia jinsi anavyomlisha, maana akilishwa akiwa amelala chali, chakula huweza kuingia mapafuni. Kiti cha kumkalisha wima, ambacho seremala anaweza kukitengeneza kwa vipimo vya mtaalamu, kitamfaa kuliko zawadi za sikukuu (na picha za zawadi hizo, tafadhali, tuziache). Ukitaka kuishi naye nyumbani, anzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kwa sababu malezi ya kambo (kumlea kwa muda mtoto asiye wako) na kuasili (kumfanya mtoto wako kisheria) vinaongozwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, wala mkuu wa makao hawezi kukukabidhi mtoto kwa makubaliano ya mdomo.