Dar–Accra: kabla ya kilomita, itazame tena hiyo tarehe yako

Mkuu, umeuliza Dar hadi Accra, Ghana, ni kilomita ngapi kwa ndege; acha kwanza kilomita. Umeandika ndege yako ni tarehe 20 saa 02:55, halafu utashinda kazini hiyo hiyo tarehe 20, jioni ndiyo ujongee uwanjani. Jioni hiyo utamkuta nani? Wenzako watakuwa wameshafika na kuoga!

Mimi yamenikuta. Dar kwenda Accra kupitia Nairobi, tarehe 15, 03:10. Wakala wangu wa Kariakoo akanitumia meseji: "Safari tarehe 15 saa tisa na dakika kumi usiku." Sasa Mswahili ukimwambia usiku wa tarehe 15 anaelewa nini? Mchana wa tarehe 15 upite, jua lizame, watu wale, ndipo usiku. Nikafanya hivyo hivyo. Nikaaga nusu ya Tabata, mama akanisomea dua, shemeji akanipeleka kwa gari la kuazima. Saa nne usiku niko mlangoni, terminali ya tatu. Mlinzi anaangalia karatasi, ananiangalia mimi, anarudi kwenye karatasi. "Kaka, hii imeondoka alfajiri." Saa kumi na tisa zilizopita! Muda huo mimi nakoroma, tena usingizi ule ulikuwa mtamu.

Nikadhani nitalipa faini nipande inayofuata. Wapi! Kwa kuwa sikutokea safari ya kwanza, zote za mbele zikafutwa, mpaka ya kurudi. Milioni mbili na ushee, kwaheri. Nampigia wakala, ananijibu "lakini kaka, tarehe si niliandika?" Uliandika nusu! Redioni kila siku tunasikia "usiku wa kuamkia". Neno moja tu, kuamkia, lingeniokoa. Kamisheni alikula yote, kuamkia ndiyo akaona uvivu kuandika.

Kwa hiyo shika hili: saa kwenye tiketi ikianza na 00, 01, 02, 03 au 04, unatoka nyumbani siku moja kabla. Wewe unaondoka usiku wa tarehe 19. Kamwone bosi LEO.

Haya, umbali. Mstari ulionyooka ni kama kilomita 4,580. Ukiunga Nairobi inakuwa kama 4,860, na kwa Addis Ababa inapita 6,000. Nairobi–Accra ni kama saa sita angani, ila tiketi itaonyesha kama tatu, maana Accra wako nyuma yetu saa tatu na kila mji unaandikwa kwa saa zake. Usishangilie. Kadi ya homa ya manjano beba, Ghana wanaidai.

Uliuliza na kilo za begi, sijui na hoteli, hayo wengine watakujibu. Mimi shemeji bado ananidai mafuta ya gari.

Tarehe 19 jioni, umesikia? Ukishabadilisha ruhusa andika hapa, nipate kulala.